Silaha za Kale Ukutani: Jawabu kwa Ndugu wa Ruiru

Katika darasa letu la Thika, baada ya sala ya Isha, ndugu yetu mmoja akaaye Ruiru alituletea suali ambalo wenziwe walilicheka. Alisema kuwa marehemu babu yake, aliyezaliwa pwani, alimwachia gobori. Gobori hilo lilikaa miaka mingi darini limeviringishwa guniani, wala yeye hakulijali. Lakini tangu siku alipolishusha na kulipangusa vumbi, moyo wake umeelekea huko. Hulitazama kila anapotaka kulala. Amekwisha kuulizia bei ya jambia la Kiomani na bunduki ya fatila yenye vipete vya fedha. Na juu ya hayo amempata mnunuzi wa vitu vya kale, aliye tayari kumpa fedha nzuri kwa gobori lile, na fedha nyingine akimpatia bunduki zilizotengenezwa kwa mikono na wapiganaji wa msituni zama za Hali ya Hatari. Basi akauliza: "Sheikh, mapenzi haya ni halali, au ni maradhi ya moyo?"

Waliocheka waliona kuwa zipo nyumba zenye njaa, ipo riba, upo ulevi, wapo vijana wasiosali, na huyu anauliza khabari ya chuma kilichooza. Sisi hatukucheka. Mtu anayehisi kuwa kitu kimemshika moyo, akaja kuuliza kabla hakijamshika mkono, huyo ametutangulia wengi wetu. Tukamwomba muda, na siku ya Jumapili tukapanda matatu hadi Ruiru ili tukalione wenyewe, kwani masheikh zetu walitufunza kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulitambua.

Ni gobori la kushindilia kwa mdomo wa mtutu. Urefu wake wafika begani mwa mtu mzima. Kitako ni cha mti mzito uliokuwa mweusi kwa mafuta ya viganja vya watu, mtutu umefungwa kwa vipete vya shaba, na mdeki wake ungali chini ya mtutu mahali pake. Muhuri wa kiwanda umeliwa na kutu, na tundu la kupitia moto limeziba. Ndugu yetu alilitoa kwa adabu kama mtu atoaye msahafu, na jambo hilo, tuseme kweli, ndilo la kwanza lililotutia wasiwasi.

Basi ni nini kinachowavuta watu kwa vitu hivi? Hapana faida kukataza jambo ambalo hukulitia maanani. La kwanza ni ufundi. Aliyelinganisha mti ule na chuma kile alikuwa fundi kweli kweli. Hata leo hupenyezi ukucha baina yao. Kuupenda ufundi si makosa, na dini yetu yatutaka tufanyapo kazi tuifanye kwa ukamilifu. La pili ni ukale wenyewe, yaani kushika kitu kilichoshikwa na mtu ambaye sasa ni udongo. Hilo nalo laweza kuwa mlango wa mazingatio, kama yalivyo makaburi kwa mwenye kuyazuru kwa moyo ulio hai.

Lakini liko la tatu, na la tatu watu hawalisemi. Tulipoinyanyua bunduki ile, mabega yetu yalinyooka yenyewe. Tukaiweka kitako begani, tukafumba jicho moja, kama tulivyowaona wengine wakifanya, na mtutu ukaelekea dirishani. Wakati ule ule akapita nje mama mmoja amebeba fungu la sukumawiki na mtoto mgongoni. Kwa muda wa pumzi moja kichwa chake kilikuwa mbele ya mtutu, nasi tulikuwa tumekwisha kumlenga kabla ya kujua kuwa tumemlenga. Tukaishusha. Ndugu yetu akasema kwa kutuliza: "Haina kitu, sheikh." Neno hilo la "haina kitu" ndilo lisemwalo katika kila nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo.

Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumwelekezea ndugu yake chuma, akabainisha kuwa malaika humlaani mwenye kufanya hivyo mpaka aache, hata akiwa amemwelekezea ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Amekataza kupeana upanga ulio nje ya ala. Na mtu aliyepita msikitini na mishale alimwamrisha aishike kwa nchani, asije akamchoma mtu. Hakuuliza katika hayo kama upanga ni butu au kama mshale ni wa kale. Basi tulirudi Thika jioni ile tunaistaghfiria nafsi yetu, na tumekisimulia kisa hiki hapa kwa kuwa jawabu letu lote limetoka humo. Ule utamu tulioupata kabla ya yule mama kupita ndio utamu wa silaha za kale. Ni ladha ya nguvu isiyokuwa na mtu mbele yake. Ukale umemwondoa yule aliyekuwa mbele ya mtutu, ukatubakishia mti na shaba.

Mtu atauliza dalili, kwani hapana aya wala hadithi iliyotaja kukusanya magobori. Twasema kuwa dalili ipo, tena imekuja na njia ya kuitumia. Imepokewa katika Sahihi mbili kuwa Mtume (s.a.w.) alisema juu ya farasi kwamba ni wa namna tatu: kwa mtu mmoja ni ujira, kwa mwingine ni sitara, na kwa mwingine ni mzigo wa dhambi. Mwenye ujira ni aliyemfunga farasi kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu. Mwenye sitara ni aliyemweka ili ajitosheleze asiwe mwombaji, na haki ya Mwenyezi Mungu iliyo juu ya farasi huyo hakuisahau. Mwenye mzigo ni aliyemfuga kwa fahari, na kuonyesha watu, na uadui kwa Waislamu. Kisha Masahaba wakauliza: na punda je? Akawajibu kuwa juu ya punda hakuteremshiwa kitu mahsusi, isipokuwa ile aya yenye kukusanya mambo yote, ya uzito wa chembe katika kheri na uzito wa chembe katika shari. Sisi twaona kuwa gobori la Ruiru ni katika hukumu ya punda yule. Hapana andiko lake peke yake, bali lina mizani yake, na mizani hiyo haitazami chuma. Yatazama kilichomo ndani ya mwenye chuma.

Vivyo hivyo ulamaa walipoletewa bunduki yenyewe, zama ilipoenea katika nchi za Kiislamu, hawakuuliza uzuri wa mapambo yake. Walibishana juu ya windo lililopigwa kwa risasi, kama ni halali au ni sawa na mnyama aliyepigwa gongo akafa. Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, alihalalisha kwa kuwa risasi hupenya mwilini, na wengine wakaharimisha. Tazama basi, pande zote mbili suali lao lilikuwa ni moja: chuma hiki chafanya nini kikifika mwilini? Suali hilo ndilo mkusanyaji asilopenda kuliuliza.

Tuliulize sisi, tuanze na magobori yetu, wala tusianze na ya jirani. Magobori haya hayakuota minazini. Yaliletwa kwa meli kutoka Ulaya, mengi kutoka viwanda vya Liège na Birmingham, na mengi yalikuwa bunduki za majeshi yaliyokwisha kupata zilizo bora zaidi, yakaona afadhali kuzitupa kwetu kwa faida. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha zilizopita hapo kila mwaka ni baina ya 80,000 na 100,000. Zilikwenda wapi? Zilikwenda bara pamoja na misafara, na zilirudi na pembe, na pamoja na pembe zilirudi na watu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyesimulia maisha yake kwa lugha yetu ya Kiswahili, jina lake la Tippu Tip husemwa kuwa latokana na mlio wa bunduki zake. Wenyeji wa bara waliusikia mlio kabla hawajamwona mtu, na jina wakalitoa huko. Mwaka 1890 ukaja mkataba wa Brussels wa kuzuia silaha kuingia, na mwaka ule ule Lugard akafika Kampala na bunduki yake ya Maxim, ambayo nayo ilikuwa kuukuu, imekwisha kutumiwa na Stanley. Lakini dhulma ya Mzungu haitufutii yetu. Baadhi yetu sisi watu wenye asili ya pwani twalitundika gobori la babu ukutani kuonyesha kuwa ukoo wetu ulikuwa na watu, yaani ulikuwa na watwana. Fahari ya namna hiyo ni ile fahari ya Jahiliya, kujivunia mababa, ambayo Mtume (s.a.w.) ametujulisha kuwa Mwenyezi Mungu amekwisha kutuondolea. Basi ni nani aliyeirudisha sebuleni mwetu?

Sasa na tutazame hapa hapa tulipo, baina ya Ruiru na Thika. Kila anayesafiri njia hii hupita Juja. Upande huo lilikuwa shamba la McMillan, Mmarekani tajiri ambaye kaburi lake liko juu ya mlima wa Ol Donyo Sabuk, unaoonekana kutoka Thika. Mwezi wa Mei 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani miezi michache tu nyuma. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari yao hiyo ya Afrika, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe. Miongoni mwa silaha alizokuja nazo ilikuwamo bunduki ya marisau iliyotengenezwa na fundi wa Kimarekani, Ansley Fox. Mwaka 2010 bunduki hiyo ilipigwa mnada kwao Marekani ikauzwa kwa dola 862,500. Chuma chake na mti wake haviwezi kuwa na thamani hiyo. Fedha ile ililipwa kwa ajili ya mkono ulioishika.

Kutoka Ruiru ukielekea upande wa Nairobi si mbali na gereza la Kamiti. Humo, alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957, alinyongwa Dedan Kimathi. Wengi wadhani alinyongwa kwa kuua. Shtaka alilohukumiwa kwalo pale Nyeri lilikuwa ni kupatikana na bastola na risasi zake bila idhini, maana katika sheria za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, kupatikana na silaha tu kulitosha mtu kuuawa. Waliopandishwa kitanzini katika miaka ile walizidi 1,000, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua. Walishtakiwa kwa silaha, au risasi, au kushirikiana na wenye silaha. Basi katika kipande hiki kimoja cha nchi, ambacho matatu hukipita kwa muda mfupi njia ikiwa wazi, pana bunduki iliyomletea mwenyewe heshima na wapiga picha, na pana bastola iliyomletea mwenyewe kamba. Mkusanyaji akiviweka vitu vya namna hizi mbili ubao mmoja, kimoja kando ya kingine, akaandika chini yake mwaka na kiwanda tu, amesema uongo ingawa kila neno aliloandika ni kweli.

Na zile anazotafuta mnunuzi wetu, bunduki za msituni, ni jambo jingine tena. Hazina ufundi wa kupendeza. Zilifanywa kwa bomba la maji, kwa komeo la mlango, na kwa mpira uliokatwa katika matairi, ambao ndio uliovuta komeo lipige risasi. Mara nyingine zilimpasukia mwenyewe usoni. Leo ziko makumbusho, na London pia ziko, katika makumbusho ya vita. Mtu akipenda silaha kwa uzuri wake hatazitazama hizi mara mbili. Lakini aliyezitengeneza alijua kuwa akikutwa na lile bomba atanyongwa, naye akalikata. Tungependa vijana wetu wakae mbele ya bomba hilo kwa muda mrefu kuliko mbele ya jambia la fedha.

Mmoja katika darasa, mtu mwema mwenye pupa ya kumaliza mambo, alisema: "Basi yote yatupwe mto Chania, tupumzike." Hatukubaliani naye. Bwana Mtume (s.a.w.) alipofariki hakuacha dinari wala dirhamu, aliacha nyumbu wake mweupe, na silaha zake, na ardhi aliyoifanya sadaka. Waislamu walizihifadhi silaha. Tena Bibi Aisha (r.a.) ametujulisha kuwa alifariki na deraya yake imewekwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi thelathini za shayiri, chakula cha nyumbani kwake. Na Khalid bin al-Walid zana zake alizifanya wakfu. Katika nyumba zile silaha iliwekwa rehani watu wale, au iliwekwa wakfu; haikuwa kitu cha kutazamwa mtu akaonekana mkubwa. Kwa hivyo kuhifadhi kuna asili yake, na kutupa mtoni ni kuutupa ushahidi. Mwenye dhulma hupenda sana ushahidi uende mtoni.

Basi jawabu letu kwa ndugu wa Ruiru ni hili. Mapenzi yake si haramu kwa asili yake. Yakiwa ni ya kujitukuza kwa babu, au ya ule utamu wa begani tulioueleza, ni mzigo. Yakiwa ni ya kushuhudia, tena ushahidi kamili, yaani gobori na khabari yake, na khabari hiyo ina yule aliyeshika na yule aliyeelekezewa, basi twataraji kuwa ni sitara, na huenda yakawa na ujira. Asilitundike sebuleni juu ya vichwa vya watoto, kwani mtoto hajui tafauti ya kilichokufa na kinachongoja. Asijihukumie mwenyewe kuwa ni chuma kitupu kwa kuwa kina kutu. Nchi hii ina Sheria ya Silaha, na kuna bodi yenye kutoa vibali, basi aende akaulize kabla hajaulizwa yeye. Wala asimpe mgeni akaenda nalo nje kwa siri. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 imevihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni vya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kuvunja sheria ya haki kwa ajili ya faida ni khiyana, hata kama bei imezungumzwa kwa bismillahi.

Ama zaka, tuliyoulizwa na mwengine pembeni, ni jambo fupi. Akikusanya kwa kukaa navyo, havina zaka. Akinunua kwa kuuza, ni bidhaa ya biashara kama nguo za dukani, na mwaka ukitimia na nisabu ikitimia atoe fungu lake la arubaini. Lakini anayeweka maelfu ukutani hali ana deni la karo ya mtoto wa nduguye, huyo asituulize zaka. Na aulize kwanza khabari ya israfu.

Baada ya kumpa jawabu hili, ndugu yetu alitueleza lililompata kwa jirani yake, mzee wa Kikuyu aliyepindukia miaka themanini. Alikuwa amemwendea kwa ajili ya yule mnunuzi. Kaka wa mzee huyu aliingia msituni mwaka 1953 wala hakurudi. Kilichobaki katika bunduki yake ni bomba tu, mti uliliwa na mchwa, na bomba hilo hutumika kufungia mlango wa banda la kuku. Mzee aliposikia bei hakukataa wala hakukubali. Aliuliza: "Huyo mtu wako ataandika jina la kaka yangu, au ataandika bomba la Mau Mau?" Ndugu yetu hakuwa na jawabu. Alimpigia mnunuzi simu, naye akajibu kuwa jina haliongezi kitu katika bei. Bomba lingali bandani.

Gobori la babu amekwisha kulipeleka kituoni akaeleza lilivyomfikia, naye anangoja ataambiwa nini. Aidha amemwuliza shangazi yake wa Malindi, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, lilipatikana wapi. Shangazi alimjibu upesi kuwa ni la baba wa babu, aliyekwenda bara na misafara mara tatu. Alipomwuliza walirudi na nini, alinyamaza kwa muda, kisha akamwambia aje mwenyewe Malindi, maneno hayo hayasemwi kwenye simu. Atakwenda baada ya Idi, inshallah, na ameahidi kuandika atakayoambiwa na kutusomea darasani. Aliye na kitu cha namna hiyo nyumbani kwake, Thika au Ruiru, akakikuta darini au chini ya kitanda cha mzee, asituletee kitu chenyewe. Atuletee khabari yake, pamoja na jina.